Nilihama kazi, simu zikanyamaza

Swali: Nilifanya kazi miaka tisa katika idara moja ya uhasibu. Tulikuwa sita, tunakula pamoja kila mchana, tunajuana hadi majina ya watoto. Mwaka jana nilihamia kampuni nyingine. Habari za nafasi hiyo nilipewa na mtu niliyesoma naye, ambaye tulikuwa tukionana labda mara moja kwa mwaka. Siku ya kuagana wenzangu walilia, nami nikalia. Miezi miwili baadaye, kimya. Gurupu letu la WhatsApp lilikuwa la ofisi, kwa hiyo nilitolewa. Baba alipolazwa, kati ya wale watano hakupiga hata mmoja. Aliyepiga ni dada wa mapokezi, ambaye tulikuwa wa kusalimiana tu. Alitaka kunijulia hali, nikamweleza ya baba, na baada ya wiki akapiga tena. Mume wangu anasema watu wa kazini ni watu wa kazini. Wahenga nao walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi hawa walikuwa marafiki kweli? Hapa nilipo sasa nimeamua: kazi, mshahara, nyumbani. Nimekosea?

Jibu:

Dada yangu,

Pole kwa kuuguza. Pole pia kwa hili la pili, ambalo watu hawalitolei pole kwa sababu halionekani. Mtu akifiwa, hata asiyemjua humpa mkono. Akiachika, jamaa humzunguka. Lakini aliyepoteza wenzake watano kwa kuhama ofisi huambiwa ameula, kapata kazi nzuri zaidi, sasa analalamika nini? Naye huona haya kusema kwamba ikifika saa saba mchana hajui aketi na nani. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimeyakuta majonzi haya mara nyingi, kwa wanaohama, wanaostaafu na wanaopunguzwa kazini, na karibu kila mara mtu huanza kwa kuomba radhi kwamba anasumbuliwa na jambo dogo. Si dogo. Miaka tisa ya kula meza moja ni kipande kizima cha maisha yako.

Kabla sijajibu, nikuulize kitu. Unasema baba alipolazwa hakupiga hata mmoja. Walijua? Barua yako haisemi kwamba uliwaambia. Dada wa mapokezi alipiga bila kujua lolote. Wewe ndiye uliyemweleza, na simu yake ya pili ikatokana na hapo. Habari zako zilikuwa zikipita kwenye gurupu, na kwenye gurupu ulishatolewa. Inawezekana kabisa wale watano mpaka leo hawajui kama baba aliugua. Sisemi haya ili kuwatetea. Nayasema kwa sababu hukumu umeshaitoa, na shahidi wako mkuu ni kimya, ambacho na wewe umekuwa nacho muda wote huu.

Walikuwa marafiki kweli? Naamini walikuwa. Urafiki mwingi huanza kwa watu kuwekwa karibu, na ukaribu huo hauufanyi kuwa wa bandia. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao kuhusu familia za wanafunzi waliokuwa wakiishi katika nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Familia hizo zilipangiwa nyumba, hazikuchagua majirani. Hata hivyo urafiki ulifuata milango. Waliopakana walikuwa marafiki kwa wingi kuliko waliotenganishwa na milango miwili au mitatu, na walioishi karibu na ngazi, pale wanapopita watu wa ghorofa ya juu, walipata marafiki wa juu ambao wenzao wa katikati hawakuwapata. Ngazi tu! Hazina moyo wala nia, lakini ziliamua nani atamjua nani.

Ofisi yako ya zamani nayo ilikuwa na ngazi zake: kiti chako, mashine ya kuchapisha, zile siku za kufunga hesabu za mwezi mlipokuwa mkichelewa kutoka wote. Vitu hivyo vilikuwa vikiwakutanisha kila siku, na hakuna kati yenu aliyelazimika kupanga, kupiga simu wala kukumbuka. Ulipoondoka, uliondoka na mapenzi yako kwao, nao wakabaki na yao kwako. Kilichokuwa kikiwakutanisha ndicho kilichobaki kwenye jengo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada yangu, lakini fimbo yenyewe huwa haijavunjika.

Neno rafiki tumelitoa Kiarabu, na huko hubeba maana ya mwenza wa safari. Naipenda sana maana hiyo. Mliosafiri pamoja kisha mkafika njia panda, safari yenu haifutiki kwa sababu kila mmoja ameshika njia yake. Kwa walio karibu zaidi Kiswahili kina maneno mengine: msiri, unayemwachia siri, na mwandani, neno ambalo hata sikio linasikia ndani yake huyo mtu yuko wapi. Wengi tunateseka kwa kutaka kila rafiki awe mwandani. Asipofikia huko tunamshusha mpaka chini kabisa, tunasema hakuwa hata rafiki. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitenganisha urafiki wa kufaana, urafiki wa kufurahishana, na urafiki wa watu wanaotakiana mema kwa jinsi walivyo. Aina mbili za kwanza, alieleza, huyeyuka upesi kinachowaunganisha watu kikiondoka. Hakuuita unafiki.

Sasa fanya hesabu, kwa kuwa wewe ni mhasibu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, alikadiria kwamba mtu mzima huhitaji saa kama 50 za kuwa pamoja na mtu anayemfahamu tu hadi awe rafiki wa kawaida, kama 90 hadi awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 hadi awe rafiki wa karibu. Nusu saa ya chakula kila siku ya kazi, kwa wiki 48, ni saa 120 kwa mwaka. Kwa miaka tisa ni saa 1,080, zaidi ya mara tano ya zile 200. Mbona basi hazikutosha? Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito sawa na nyingine. Kinachowasogeza watu ni muda waliouchagua wenyewe: kuzungumza yasiyo ya kazi, kutembeleana, kukaa bila ratiba. Mlo wenu wa mchana uko katikati. Kuketi pamoja mlichagua, ila chini ya paa moja mlishawekwa na mwajiri.

Kwa hiyo jiulize hivi: katika miaka tisa, ni nani kati ya wale watano uliyewahi kukutana naye siku ambayo kazi haikukutoa nyumbani? Kama yupo mmoja, au wawili, andika majina yao. Tutarudi kwao. Kama hayupo, usiumie sana. Maana yake ni kwamba urafiki ule ulikuwa bado haujafundishwa kutembea nje ya ofisi, na kufundishwa huko hata sasa kunawezekana.

Niliwahi kukosea hapa hapa, na kosa hilo bado linaniuma. Nikiwa kijana nilihama ofisi nikamwacha mwenzangu mmoja tulioshibana. Alinyamaza. Nikajiambia anangoja nimbembeleze, nami nikakataa kubembeleza. Tulikaa hivyo karibu miaka miwili. Tulipokutana kwa bahati ndipo nikajua kwamba muda wote ule alikuwa akimuuguza mkewe, na kwamba aliamini mimi ndiye niliyemtupa. "Wewe ndiye uliyeondoka," aliniambia, bila hasira. Sikuwahi kuliona jambo hilo kutoka upande wa aliyebaki kwenye kiti chake. Aliyebaki anatazama kiti kitupu cha mwenzake, anasikia kwamba huko alikokwenda mambo ni mazuri, na anaogopa kuonekana anajipendekeza. Wale watano huenda wako hapo.

Ndiyo maana nakusihi uanze wewe. Mwaka 2022 mtafiti Peggy Liu na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wakilinganisha mawazo ya anayemtafuta mwenzake na hisia za anayetafutwa. Anayetafuta alikadiria furaha ya mwenzake kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Tena aliyetafutwa alithamini zaidi pale ambapo hakuwa ametarajia. Miezi hii ya kimya unayoiona kama ukuta ndiyo itakayofanya salamu yako iwe na uzito.

Usianze na "umenitupa". Najua ni maneno tunayoyasema kwa mapenzi, "umepotea", "umekuwa adimu", "umetutupa jongoo na mti wake", lakini mtu ambaye tayari anajihisi na hatia huyasikia kama mashtaka, na jibu lake huwa la kujitetea. Andika la kweli na fupi: "Nimekukumbuka leo. Baba alilazwa, nikatamani ningekuwa karibu nawe nikueleze. Jioni gani una nafasi nikupigie?" Mwisho wake pana siku na saa ya kupanga. Salamu isiyo na siku hujibiwa "nipo, tutaongea", na hapo mambo huishia.

Usiwaandikie wote watano. Robin Dunbar, ambaye amechunguza ukubwa wa mizunguko ya watu tangu miaka ya 1990, anasema wengi wetu tuna watu kama 5 wa ndani kabisa, wanaofika 15 ukiongeza marafiki wa karibu, 50 ukiongeza wengine tunaowaita marafiki, na 150 kwa jumla ya tunaojuana nao vizuri. Wapo wanasayansi wanaozibishia namba hizi, na mimi sizichukui kama sheria. Ila umbo lake nalikubali kwa sababu nimeliona: nafasi za ndani ni chache, na katika zile tano humo humo wamo mume, mzazi, ndugu. Hutaweza kuwabeba watano wote kutoka ofisi hadi sebuleni kwako. Chukua yale majina mawili. Hao wengine watatu wape heshima yao, wasalimie mkikutana, furahi ukisikia wamepandishwa cheo. Kwa hao hilo linatosha.

Halafu kuna yule uliyesoma naye. Umemtaja kwa nusu sentensi, kana kwamba alikuwa njia tu ya wewe kufika ulipo. Mwanasosholojia Mark Granovetter mwaka 1973 aliandika kuhusu watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walikuwa wakimwona mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu haina siri: unaokula nao kila siku wanajua unachokijua, na aliye mbali anasikia ya mbali. Huyo alisikia kuna nafasi, akafikiri juu ya mtu anayemwona mara moja kwa mwaka, akachukua simu. Uliwahi kurudi kumwambia kwamba ulipata?

Nije kwenye methali uliyoitumia. Ni ya kweli, lakini umeipa kazi kubwa kuliko iwezavyo. Dhiki ni kipimo kizuri, ila si kipimo pekee, na wapo watu hodari wa misiba ambao huwaoni siku yako ya furaha. Nimewahi kumsikiliza mama mmoja aliyekuwa na rafiki wa namna hiyo: akilia, rafiki yuko mlangoni, akipata cheo, rafiki ana mafua. Mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake wamechunguza, hasa kwa wapenzi na wanandoa, namna mtu anavyoipokea habari njema ya mwenzake, na wameona kwamba pale inapopokelewa kwa shauku na maswali, uhusiano huwa na afya zaidi. Kuipokea kimya kimya au kuitafutia kasoro hakuna faida hiyo. Nadhani ni hivyo pia kwa marafiki. Kumbuka basi: ulipotangaza kwamba umepata kazi mpya, nani alikuuliza utaanza lini, utakuwa unafanya nini hasa, umeogopa? Nani alisema tu "hongera" akageukia kompyuta yake? Swali hilo litakusaidia kuchagua yale majina kuliko lile la nani alipiga simu kuhusu ugonjwa ambao huenda hakuusikia.

Kuhusu kazi, mshahara, nyumbani: ndiyo, hapo naona umekosea, ingawa naelewa umetokea wapi. Mwanasaikolojia Julianne Holt-Lunstad na wenzake mwaka 2010 walijumlisha tafiti 148 zenye watu 308,849, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai katika kipindi walichofuatiliwa kuliko wenye mahusiano hafifu. Saa nyingi unazokuwa macho zinapita ofisini. Ukiamua kwamba humo hakuna mtu, umeamua kuwa peke yako nusu ya siku kwa miaka iliyobaki ya kazi.

Nawe uko kwenye hesabu, mahali ambapo mtu mmoja wa kuegemea ana thamani ya pekee. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaketisha watu wakalinganisha urefu wa mistari, jambo rahisi hata kwa mtoto, lakini wenzao kwenye chumba walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja lisilo sahihi. Karibu theluthi ya majibu ya wale waliopimwa yalifuata kosa la wengi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yao, makosa hayo yalishuka hadi karibu robo ya yale ya mwanzo. Mtu mmoja! Hakuwa hata rafiki. Fikiria basi siku utakayoletewa hati ya malipo ambayo hupendi inavyoonekana, na kwenye chumba kizima hakuna unayeweza kumgeukia ukamwuliza kwa sauti ya chini, "Hebu tazama hii, na wewe unaona ninachokiona?" Watu waadilifu wametia saini mambo ya ajabu kwa kukosa mtu wa kumwuliza hivyo.

Sikuambii ufungue moyo kwa kila atakayekuvutia kiti. Urafiki wa kazini una maradhi yake, na baya kuliko yote ni majungu. Wawili wakiunganishwa na kumchukia bosi huhisi wako karibu sana, kwa sababu kila siku wana la kuzungumza na lina utamu. Muondoe bosi huyo uone kama watabaki na neno. Tena anayekuletea ya wengine, yako anayapeleka wapi? Mtu mpya huvutwa kwenye majungu mapema, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kupewa nafasi mezani. Kaa, kula, lakini zungumzo likifika huko usilichangie. Watakuona baridi wiki mbili tatu, kisha watazoea, na wale wanaochoshwa na majungu (wapo, huwa kimya) watakusogelea wenyewe.

Mengine ni mepesi. Fedha usiazimishe kiasi ambacho kikipotea utamnunia mtu. Siri za ndoa yako zisubiri. Na akipandishwa cheo mmoja wenu akawa mkuu wa mwenzake, lizungumzeni wiki ile ile, kwa uwazi, kwamba ofisini atakukosoa kama wengine. Urafiki mwingi niliouona ukivunjika kwa cheo ulivunjwa na kutokulisema jambo hilo.

Mumeo ana nusu ya ukweli. Watu wa kazini huwa ni watu wa kazini mpaka mmoja aseme "tukutane Jumamosi". Siku hiyo hadhi inabadilika. Ila nina wasiwasi kidogo kuhusu maneno yake, au labda kuhusu namna ulivyoyakubali upesi. Mke na mume wanaobaki bila marafiki hupendana kwa kubanana. Kila uchovu, kila kero ya ofisi, kila hofu kuhusu mzazi mgonjwa humfikia mtu mmoja, ambaye naye amerudi na zake. Ukipata wa kuzungumza naye mchana, jioni utamrudia mumeo ukiwa na nafasi ya kumsikiliza.

Hapo ulipo, basi, anza na mtu mmoja. Mtu ambaye mmeshacheka pamoja mara mbili bila kujilazimisha. Kwa miezi mitatu keti naye mara moja kwa wiki, mwulize jambo lisilo la kazi na likumbuke wiki inayofuata. Kama mgonjwa wake alipelekwa hospitali Jumanne, Jumatano uliza. Kukumbuka ndiko kulikomfanya dada wa mapokezi awe vile alivyo kwako leo, na angalia alivyofanya: hakuwa na historia nawe, hakuwa na saa 1,080, hakuingia kwenye meza ya watu sita. Alikuona ukipita mlangoni asubuhi na jioni, na ulipoacha kupita, aliona.

Yeye hukumweka kwenye orodha ya waliokuwa marafiki, hata swali lako halimhusu. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba baba alilazwa, na tangu ile simu ya pili hujaniandikia kama wewe umempigia. Mpigie leo. Naamini angependa kusikia baba anaendeleaje.